Kuzuia Programu Hasidi: Uamuzi ni wa Nani?

Mteja anaingia steshenari na flashi mkononi, anataka kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Karani anaichomeka, anaifungua, anakuta folda tatu, kila moja ina kishale kidogo kwenye kona. Anabofya mara mbili, folda inafunguka, barua inatoka kwenye printa, mteja analipa na kwenda zake. Hakuna aliyeona kitu. Kumbe kilichobofywa hakikuwa folda. Ilikuwa njia ya mkato yenye amri mbili: ya kwanza inaendesha skripti iliyofichwa ndani ya flashi, ya pili inafungua folda halisi, ambayo nayo imefichwa, ili mtumiaji asishtuke. Tangu dakika hiyo kila flashi itakayochomekwa kwenye kompyuta ile itatoka na ugonjwa uleule.

Mafundi wa Kariakoo na River Road wanaujua ugonjwa huu vizuri. Wanaandika amri ya attrib, alama ya kufichwa inaondoka, mafaili yanaonekana tena, mteja anashukuru. Lakini amri hiyo haigusi chanzo. Karani wa steshenari hana haja ya kuendesha skripti yoyote kutoka kwenye flashi ya mtu. Kazi yake ni kufungua waraka na kuuchapisha. Kompyuta iliendesha skripti kwa sababu hakuna aliyewahi kuiambia ikatae.

Watu wakizungumzia ulinzi wa kompyuta na simu za ofisi, swali la kwanza huwa: antivirusi ipi ni nzuri? Swali lina maana, ila linakuja mapema mno. Kabla yake lipo jingine: ni nani ameamua programu zipi zifanye kazi kwenye mashine hii? Programu ya ulinzi ni chombo cha kutekeleza uamuzi. Mwenye mashine asipoamua, chombo kinamwamulia kwa kukisia. Kinapatia mara nyingi, lakini siku kikikosea, hasara inabaki kuwa ya mwenye mashine.

Orodha ya waliopigwa marufuku

Njia kongwe ya kuzuia ni kuwajua wabaya. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walitoa Brain, kirusi kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC, kikisafiri kwa diski laini. Virusi vilipoongezeka, zikaja programu za kuvitambua, na mantiki yake ilikuwa nyepesi. Kirusi kikikamatwa, wataalamu wanachukua kipande cha msimbo wake kisichopatikana kwingine, wanakitia kwenye orodha, na kila faili linalofunguliwa linalinganishwa na orodha hiyo. Likifanana, linazuiwa.

Sehemu hii ingali ndani ya antivirusi za leo, na ina faida zake: ni ya haraka, haili nguvu nyingi za mashine, na ni nadra kulisingizia faili lisilo na kosa. Udhaifu wake ni kwamba lazima awepo mtu aliyekutana na kirusi kabla yako. Tena mtengenezaji akibadilisha msimbo kidogo au akaufunga upya, alama ya zamani haimtambui. Taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani inasema husajili zaidi ya programu mpya 450,000 kila siku, hasidi na zisizotakiwa kwa pamoja. Nyingi ni bidhaa zilezile zilizogeuzwa sura na mitambo, lakini kwa orodha kila moja ni ngeni.

Ndiyo maana kampuni za ulinzi zikaongeza upimaji wa dalili. Faili lisilojulikana linachunguzwa: je, msimbo wake umefungwa kwa namna ya kuficha kilichomo? Linataka kuingilia kumbukumbu ya programu nyingine? Limeonekana kwenye kompyuta ngapi duniani, na tangu lini? Swali hilo la mwisho hujibiwa na seva za kampuni kupitia intaneti, na nguvu yake ni kubwa. Programu halali huwa inatumiwa na watu wengi kwa muda mrefu, hivyo faili lililozaliwa asubuhi ya leo na kuonekana kwenye mashine tatu tu lina haki ya kushukiwa. Ofisi inayowasha intaneti kwa vipindi ili kubana bando ijue kwamba katika saa ambazo mtandao haupo sehemu hii ya ulinzi nayo haipo.

Je, teknolojia ikikua itafika siku mkaguzi asikosee? Haitafika, na anayesema hivyo ni hisabati. Mwaka 1984 Fred Cohen, akiwa mwanafunzi wa uzamivu huko California, aliandika kazi iliyoonyesha hilo kwa hoja fupi. Tuseme yupo mkaguzi asiyekosea kamwe. Mtu aandike programu inayomwita mkaguzi huyo na kumwuliza habari zake yenyewe: mimi ni kirusi? Akijibu ndiyo, programu inatulia, haifanyi lolote. Akijibu hapana, inaanza kujisambaza. Jibu lolote atakalotoa litakuwa kosa, kwa hiyo mkaguzi wa namna hiyo hawezi kuwepo. Muuzaji anayeahidi ulinzi wa asilimia mia anaahidi kitu ambacho hata nadharia imekikataa.

Orodha ya walioruhusiwa

Kama wabaya hawahesabiki, basi wahesabiwe wema. Mlangoni mwa ukumbi wa harusi jijini Dar es Salaam mlinzi hashiki picha za wezi wote wa mji. Anaangalia kadi ya mwaliko. Asiye nayo anabaki nje, hata kama ni mtu wa heshima zake. Kompyuta nayo inaweza kupangwa hivyo: programu zilizoorodheshwa zifanye kazi, nyingine yoyote ikataliwe bila kuulizwa kama ni nzuri au mbaya.

Zana za kufanya hivyo si ngeni. Microsoft iliweka ya kwanza ndani ya Windows XP mwaka 2001, ikaleta AppLocker pamoja na Windows 7 mwaka 2009. Apple ilileta Gatekeeper mwaka 2012, inayokagua kama programu imetiwa sahihi ya kidijitali na mtengenezaji anayejulikana. Serikali ya Australia, katika mambo manane ya msingi iliyoyatangaza mwaka 2017 kwa ajili ya ulinzi wa kompyuta za taasisi, iliweka udhibiti wa programu kuwa mojawapo. Kwa miaka mingi sera za AppLocker zilitekelezwa kwenye matoleo ya Windows ya mashirika tu. Siku hizi sharti hilo limeondolewa kwenye Windows 10 na 11, kwa hiyo kisingizio cha gharama kimepungua.

Ruhusa hutolewa kwa vigezo vitatu, na kila kimoja kina tabia yake. Cha kwanza ni mahali: chochote kilichomo kwenye folda fulani kiruhusiwe. Ni rahisi kupanga, lakini kinategemea nani anaweza kuandika kwenye folda hiyo. Kanuni za kuanzia za AppLocker huruhusu kila kilichomo ndani ya folda ya Windows, ilhali ndani yake zipo folda ndogo, kama Temp na Tasks, ambazo hata mtumiaji wa kawaida anaweza kutia faili. Mdukuzi anayejua hilo ananakili faili lake huko, na mlango unafunguka. Cha pili ni sahihi ya mtengenezaji: programu zote zilizotiwa sahihi na kampuni fulani ziruhusiwe. Hiki ndicho chenye uwiano mzuri, maana toleo jipya likija halihitaji kanuni mpya. Cha tatu ni alama ya hesabu ya faili lenyewe. Herufi moja ikibadilika, alama inabadilika. Hakuna kigezo kikali kuliko hiki, ila kila sasisho linalazimisha orodha kuandikwa upya.

Kama njia hii ina nguvu hivyo, kwa nini ofisi chache ndizo zinazoitumia? Kwa sababu inamtaka mwenye ofisi ajue kitu ambacho wengi hawakijui: mashine zake zinatumia programu gani. Mhasibu ana kiendelezi cha Excel alichowekewa na fundi miaka iliyopita, idara ya manunuzi ina programu ya mzabuni isiyo na sahihi, na mkurugenzi ana kompyuta mpakato aliyonunuliwa mtoto wake ikaishia ofisini. Siku orodha inapowashwa, simu za malalamiko zinaanza saa mbili asubuhi, na kufikia mchana bosi ameagiza izimwe. Ndiyo maana AppLocker na zana za aina yake zina hali ya kurekodi bila kuzuia. Ikiachwa hivyo kwa wiki kadhaa, kumbukumbu zake zinaonyesha nini kingezuiwa na kwa nani, na orodha inaandikwa kwa kufuata kazi halisi inayofanyika ofisini.

Halali inapotumika kwa haramu

Orodha ya ruhusa nayo ina ukomo. Windows yenyewe huja na vyombo vingi vya kazi: PowerShell, mshta, rundll32, certutil. Vyote vimetiwa sahihi na Microsoft, vyote vinahitajika na mafundi, na vyote vinaweza kuamriwa kupakua faili au kuendesha msimbo wa mtu mwingine. Mshambuliaji anayetumia vyombo vya nyumbani haleti chochote cha kigeni, hivyo hakuna cha kukagua mlangoni.

Njia nyingine ni kujificha nyuma ya programu yenye sifa njema, na hapa Afrika Mashariki imo ndani ya habari. Mwaka 2023 kampuni ya Mandiant ilieleza kampeni ya ujasusi iliyosambaa kwa flashi, ikaihusisha na wadukuzi wenye uhusiano na China. Maambukizi mengi yalikutwa kwenye shughuli za Afrika za mashirika ya kimataifa, Kenya na Tanzania zikiwemo, na maduka ya kuchapisha na intaneti kafe yalitajwa miongoni mwa mahali flashi zilikoambukizwa. Ndani ya flashi kulikuwa na vitu vitatu: programu halali yenye sahihi, faili la maktaba lililoghushiwa, na mzigo uliofichwa kwa msimbo wa siri. Mtumiaji akibofya, inayoendeshwa ni ile halali, nayo kwa tabia yake inaita maktaba iliyo jirani nayo bila kuihoji. Maktaba ya kughushi ndiyo inayofungua mzigo, unaojulikana kama Sogu. Mandiant ilisema programu halali zilizotumiwa kuwa chambo kwa kawaida zilikuwa za ulinzi, kama Avast, Symantec na Smadav, ile antivirusi ya Indonesia iliyojijengea jina kwa kusafisha flashi. AppLocker ina kanuni za kukagua maktaba, lakini haziwashwi mpaka mtu aziwashe.

Kibaya zaidi ni mtengenezaji mwenyewe anapovamiwa. Tarehe 27 Juni 2017 NotPetya iliingia Ukraine kupitia sasisho la M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi iliyotumiwa na kampuni nyingi za nchi hiyo. Kutoka hapo ikafika kwenye mitandao ya makampuni makubwa duniani, ikiwemo ya meli ya Maersk. Mwaka 2020 ikagundulika kwamba sasisho la SolarWinds, lenye sahihi halali, lilibeba msimbo wa kijasusi, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wamelipakua. Kwa orodha yoyote ya ruhusa, programu hizi zilistahili kuingia.

Kuangalia mwenendo

Kwa hiyo kizazi cha sasa cha programu za ulinzi hakiishii kuuliza faili hili ni la nani. Kinauliza linafanya nini. Mwaka 2013 Anton Chuvakin, aliyekuwa mchambuzi wa Gartner, aliipa jina aina hii ya zana, zinazorekodi matukio ya kila kompyuta na kuwezesha hatua kuchukuliwa papo hapo. Word kufunguliwa si kosa. PowerShell kuendeshwa si kosa. Faili kupakuliwa si kosa. Lakini waraka wa Word ukiita PowerShell, nayo ikapakua faili na kuliendesha, mfululizo huo hauna maelezo ya heri. Vivyo hivyo programu inayobadilisha mamia ya mafaili kwa dakika chache na wakati huohuo kufuta nakala za akiba za Windows: hata kama haijawahi kuonekana popote, hiyo ni kazi ya wadai kikomboleo, na inapaswa kusimamishwa kabla ya kumaliza.

Nguvu ya mbinu hii inakuja na masharti mawili. La kwanza ni mtu. Zana hizi hutoa tahadhari, na tahadhari nyingi ni za mambo ya kawaida. Benki yenye kitengo cha zamu usiku na mchana inaweza kuzichuja. Shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja wa TEHAMA haiwezi. Tahadhari ya saa nane usiku ikisomwa saa tatu asubuhi, imebaki kuwa ushahidi wa kilichotokea. Ndiyo maana taasisi ndogo inayonunua zana ya gharama bila kununua na macho ya kuitazama inakuwa imelipia kumbukumbu tu.

La pili ni kwamba chombo chenyewe kinalengwa. Tangu Conficker ya mwaka 2008, iliyozuia kompyuta kufika kwenye tovuti za antivirusi, wadukuzi wamejua kwamba hatua ya kwanza ni kumpofusha mlinzi. Leo wanaleta draiva halali, yenye sahihi, ila yenye udhaifu unaojulikana. Wanaisakinisha, wanapitia udhaifu huo hadi kwenye kiini cha mfumo endeshi, na kutoka huko wanazima ulinzi. Agosti 2024 kampuni ya Sophos ilieleza zana ya namna hiyo iliyohusishwa na kundi la RansomHub. Microsoft ina orodha ya draiva zilizopigwa marufuku, na tangu toleo la 22H2 la Windows 11 inawashwa yenyewe. Lakini kinga ya msingi ni ya zamani zaidi: kusakinisha draiva kunahitaji haki za msimamizi. Mtumiaji asiye nazo hawezi kumpa mdukuzi kitu ambacho yeye mwenyewe hana.

Gharama ya kuzuia

Chombo chenye uwezo wa kuzuia chochote kinaweza pia kuzuia kompyuta yenyewe. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la McAfee lililitambua svchost.exe, faili la msingi la Windows XP, kuwa kirusi. Mashine zikawa zinajizima na kujiwasha, mtandao haupatikani. Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 19 Julai 2024, ikawa zamu ya CrowdStrike. Sasisho dogo la kanuni za utambuzi lilitumwa kwa wateja wake duniani. Kanuni hizo zilitegemea vipengele 21 vya taarifa, ilhali msimbo uliozipokea ulikuwa unaleta 20. Programu ikaenda kusoma cha ishirini na moja mahali pasipo na kitu, na kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, Windows nzima ikaanguka nayo. Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5. Kampuni iliondoa sasisho hilo baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokwisha kuanguka zilihitaji mtu aende kwa kila moja, aiwashe kwa hali ya tahadhari, afute faili. Zilizofungwa kwa msimbo wa siri zilidai kwanza namba ndefu ya ufunguo, na baadhi ya ofisi zilikuwa zimeihifadhi kwenye seva ambayo nayo imeanguka.

Hakuna mdukuzi aliyehusika hapo. Uwezo wa kubadilisha kanuni za mashine zote kwa mpigo mmoja ndio unaofanya ulinzi wa kisasa uwe wa haraka, na ndio uliosambaza kosa kwa kasi hiyohiyo. Anayenunua ulinzi wa aina hii anatakiwa auulize upande huo pia: masasisho yanakuja kwa awamu au kwa wote siku moja? Ninaweza kuyachelewesha kwenye seva muhimu?

Kuna na gharama ya kuamini. Programu ya ulinzi inasoma kila faili na inaweza kuona kila tovuti. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za watumiaji za kuperuzi intaneti kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipiga marufuku Kaspersky kwa sababu za usalama wa taifa, na mwezi Septemba wateja wengi wa huko walikuta antivirusi yao imejiondoa na nyingine iitwayo UltraAV imejisakinisha mahali pake. Hata asiyekubaliana na marufuku hiyo anaweza kuona somo: mlango wa masasisho ni wa mtengenezaji, na chochote anachotaka kukiingiza kitaingia.

Ubaya unapimwa na nani?

Kirusi kinachofuta mafaili hakina mtetezi. Ugomvi unaanza kwenye programu ambazo mtumiaji mwenyewe amezikubali. Kampuni ya Zango, iliyoishi kwa kuonyesha matangazo kwenye kompyuta za watu, iliishtaki Kaspersky kwa kuizuia. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba mtoaji wa programu ya ulinzi analindwa na sheria anapozuia anachoona kinakera. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Enigma dhidi ya Malwarebytes, ikaweka mpaka: kinga hiyo haimfuniki anayemzuia mshindani wake kwa lengo la kumwua kibiashara.

Kwetu mfano ulio karibu ni programu za mikopo ya simu. Nyingi hazikuwa na kirusi. Ziliomba kusoma namba za watu waliohifadhiwa kwenye simu, mkopaji akakubali kwa kuwa alihitaji fedha, na alipochelewa kulipa, mama mkwe, mwajiri na mchungaji wakapigiwa simu. Hakuna alama ya kirusi ambayo ingeikamata programu ya namna hiyo, maana ilifanya kile ilichoruhusiwa. Ilibidi kanuni zibadilike. Kuanzia mwaka 2023 Google ilizitaka programu za mikopo nchini Kenya zionyeshe leseni ya Benki Kuu ya nchi hiyo, na mwaka huohuo ikazikataza kwenye duka lake programu za mikopo binafsi kusoma orodha ya mawasiliano na picha. Uamuzi wa kwamba tabia hii ni ovu ulitoka kwa wasimamizi, ndipo teknolojia ikautekeleza.

Hatua nyingine ya Google imeenda mbali zaidi. Mwaka 2024 ilianza nchini Singapore jaribio ambalo baadaye lilifika nchi nyingine, Kenya ikiwemo. Programu ikipakuliwa kutoka kwenye kivinjari au WhatsApp badala ya duka, na ikiwa inaomba kusoma au kupokea ujumbe mfupi, kusoma arifa, au kutumia huduma ya kuwasaidia wenye ulemavu, simu inakataa kuisakinisha. Ruhusa hizo nne zimechaguliwa kwa sababu ndizo zinazotumika kuiba namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki na kubofya vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Hapa hakuna anayehangaika kuthibitisha kwamba programu ni hasidi. Inatosha kwamba imekuja kwa mlango wa nyuma ikiomba funguo za hazina. Watengenezaji wadogo halali wataumia kidogo, ila kwa nchi ambayo mshahara, ada na kodi ya nyumba vinapita kwenye simu, ni bei inayolipika.

Ofisi ya kompyuta kumi

Turudi kwa asiye na kitengo cha usalama wala bajeti ya dola: shule, zahanati, saccos, ofisi ya wakili. Kwa yaliyotangulia, mpangilio wa vipaumbele wake unapaswa kuwa tofauti na ule anaopewa na wauzaji.

La kwanza ni kuondoa haki za msimamizi kwa matumizi ya kila siku. Kompyuta nyingi zinatumiwa kwa akaunti moja yenye mamlaka yote, kwa sababu ndivyo fundi alivyoiacha. Akaunti ya kawaida haigharimu kitu, na inaondoa sehemu kubwa ya yanayoweza kufanywa na programu hasidi: kusakinisha draiva, kuzima antivirusi, kugusa mafaili ya mfumo.

La pili ni kuzuia mahali. Hata bila orodha kamili ya ruhusa, kanuni ya kukataa programu na skripti kuendeshwa kutoka kwenye flashi na kwenye folda ya vilivyopakuliwa ingemnusuru yule karani wa steshenari. Kazi yake ingeendelea vilevile. Nyaraka zingefunguka, skripti isingeendeshwa.

La tatu ni kuacha programu za kukraki. Maelekezo ya kuzisakinisha mara nyingi huanza na sharti la kuzima antivirusi, na mwenye kompyuta anatii. Hakuna ulinzi unaoweza kumshinda mmiliki anayeuzima kwa mkono wake. Defender iliyomo ndani ya Windows ikiachwa imewashwa, ikasasishwa, na kinga yake dhidi ya kuchezewa ikawa imewashwa, inatosha kwa ofisi nyingi ndogo. Anayetaka kuhakikisha kwamba antivirusi yake iko macho anaweza kutumia faili la majaribio la EICAR, mstari wa herufi 68 usio na madhara ambao antivirusi zimekubaliana kuushughulikia kama kirusi.

La nne ni masasisho. WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017 iliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 bila mtu kubofya chochote, kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi 14. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za ofisi zetu bado zinaitumia. Mwenye kuibakiza bila mpango wa masasisho ya ziada anaweka matundu ambayo hakuna antivirusi itakayoyaziba yote.

La tano ni nakala ya akiba iliyo nje ya mtandao. Maersk ilipopigwa na NotPetya, seva zake zinazohifadhi ramani ya watumiaji wote zilifutwa karibu zote kwa pamoja. Iliyopona ilikuwa ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na seva haikuwa hewani. Kampuni ya ukubwa ule iliokolewa na bahati. Ofisi ndogo inaweza kupata matokeo yaleyale kwa diski ya nje inayochomolewa na kufungiwa kabatini kila Ijumaa.

Zana ya kununua inakuja baada ya hayo, na hapo ndipo ubora wa kampuni moja dhidi ya nyingine unapoanza kuwa na maana. Orodha ya marufuku, orodha ya ruhusa na uangalizi wa mwenendo hazishindani. Kila moja inaziba pengo la mwenzake, na zote zinahitaji kuambiwa nini ni cha kawaida katika ofisi husika. Hilo hakuna kampuni ya California, Moscow wala Prague inayolijua. Analijua mwenye ofisi, na asipoliandika popote, atakuwa ameukabidhi uamuzi kwa mtengenezaji wa antivirusi katika siku za kawaida, na kwa mdukuzi katika siku ile moja isiyo ya kawaida.